Mtaji wa duka dogo la baiskeli: uanzie kwenye kuuza au kwenye kutengeneza?

Swali, kutoka kwa Mgeni wa Karakana

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu kabla sijafunga hesabu ya mtaji wangu. Nimefanya kazi ya ufundi baiskeli chini ya fundi mwingine kwa muda wa kutosha kuweza kuziba pancha, kusuka gurudumu kwa spoku mpya, kufungua habu (kitovu cha gurudumu) na kubadilisha gololi, kupanga gia na kurekebisha breki, ziwe za kubana rimu au za diski. Sasa nimepata chumba kimoja chenye baraza pana, kando ya njia wanayoitumia waendesha baiskeli wengi asubuhi na jioni, na nimedunduliza akiba ambayo si kubwa lakini inatosha kuanzia.

Kinachonisumbua ni mgawanyo wa fedha hizo. Nia yangu ilikuwa kuweka theluthi mbili kwenye baiskeli mpya, kwa sababu mpita njia akiziona zimepangwa barazani atajua mara moja kwamba hapo pana duka, kisha theluthi iliyobaki niigawe kati ya vifaa vya kazi na vipuri. Rafiki yangu mmoja anayeuza vifaa vya ujenzi ananishauri niigeuze hesabu hiyo juu chini. Ningependa kuwasikia wenye uzoefu: fedha ziende wapi kwanza, vipuri gani viwepo siku ya kufungua, na bei ya kazi ya mkono hupangwaje bila kubahatisha?

Jibu, kutoka kwa Spana Kumi na Tano

Rafiki yako yuko sahihi, na mimi ningekwenda mbali zaidi yake: usinunue baiskeli mpya hata moja mpaka meza yako ya ufundi iwe inalipa pango la chumba bila msaada wa akiba.

Baiskeli mpya hula nafasi na fedha kwa pamoja. Ili mteja apate ya kuchagua huwezi kuweka moja au mbili. Itakubidi uwe na za watoto, za mizigo, za gia, na zile ambazo bomba la juu limeshushwa, tena kila aina katika vimo viwili au vitatu, na bado atakuja mtu atakayetaka rangi usiyokuwa nayo. Sasa tazama faida yenyewe. Umenunua kwa 100 ukauza kwa 125, na unajihesabia faida ya asilimia 25. Lakini katika kila 125 inayoingia, iliyo yako ni 25, yaani asilimia 20 ya mauzo. Mteja akikubembeleza umpunguzie asilimia 10 tu, atalipa 112.50, na nusu ya faida imeondoka kabla hujalipa umeme. Pancha haina mambo hayo. Kiraka na gundi ni gharama ndogo sana, sehemu kubwa ya anacholipa mteja ni ujuzi wako, na mteja huyo huyo atarudi kwa ajili ya tairi, mnyororo, mipira ya breki na waya, ilhali aliyenunua baiskeli mpya huenda asihitaji nyingine kwa miaka.

Kuhusu vifaa, jihadhari na masanduku yenye vifaa vingi vilivyopangwa vizuri, kwa maana nusu yake hutavigusa na vile utakavyovigusa kila siku huwa vya chuma laini. Nunua kimoja kimoja, vya ubora. Spana ya milimita 15 kwa nati za ekseli ya nyuma na pedali, spana nyembamba za koni (zinazobana gololi za habu) kuanzia 13 hadi 17, funguo za alen, hasa za milimita 4, 5 na 6, kifaa cha kutolea pini za mnyororo, kivuta krenki (mikono inayoshika pedali), vifungulio vya friwili (gia ya nyuma inayozunguka bure usipokanyaga) vya aina zinazotumika kwenu, ufunguo mzuri wa nipo (nati ndogo za kukazia spoku), jiriwa imara iliyofungwa kwenye meza nzito, na pampu ya kusimama yenye geji. Stendi ya kuinulia baiskeli na ile ya kunyooshea magurudumu unaweza kutengenezewa na fundi wa kuchomelea vyuma kwa bei ndogo kuliko ya dukani, mradi zisitikisike. Ukitaka kujua kama fundi ni fundi, mwangalie anavyofungua pedali ya kushoto: uzi wake unakwenda kinyume, na asiyejua hilo huikaza huku akidhani anaifungua, mpaka mkono wa krenki uharibike.

Kwenye tairi ndipo fedha nyingi za mwanzo hupotelea, na ndiyo maana nitalichukulia muda jambo hili. Tairi zinazoitwa za inchi 26 si za namna moja. Ile ya baiskeli za milimani, iliyoandikwa kwa desimali, kwa mfano 26 x 1.95, hukaa kwenye rimu yenye kipenyo cha milimita 559. Ile iliyoandikwa 26 x 1 3/8 hukaa kwenye rimu ya milimita 590. Tofauti ni milimita 31, na hakuna nguvu wala sabuni itakayoifanya moja iingie mahali pa nyingine. Mkanganyiko huo huo uko kwenye 28: baiskeli ndefu za zamani zenye breki za fito za chuma badala ya waya kwa kawaida hutumia 28 x 1 1/2, ambayo ni milimita 635, huku 28 x 1.75 ikiwa ni milimita 622, kipenyo kile kile cha tairi zinazoandikwa 700C na zile zinazouzwa kwa jina la 29. Kwa hiyo acha kuamini inchi. Ubavuni mwa tairi nyingi pana namba mbili zenye kistari katikati, mathalani 50-559. Ya kwanza ni upana na ya pili ni kipenyo cha pale tairi inapokaa kwenye rimu, vyote kwa milimita. Agiza kwa namba hiyo ya pili.

Na kabla hujaagiza chochote, kaa kwenye hilo baraza lako na daftari kwa siku kadhaa. Baiskeli zinazoegeshwa karibu, zisome ubavuni mwa tairi, andika namba, angalia valvu kama ni nene kama ya gari au ni ile nyembamba, angalia kama krenki imefungwa kwa kota pini (kipini cha chuma cha kubana krenki) au kwa boliti, hesabu vyuma vya gia ya nyuma. Daftari hilo litakuonyesha kwamba vipenyo viwili au vitatu ndivyo vinavyotawala njia hiyo, nawe utaweka tyubu na tairi za vipenyo hivyo kwa wingi na kuacha vingine viagizwe mteja anapokuja. Nyongeza ni vitu vidogo vinavyouzika kila mahali: gololi za 1/4 ya inchi kwa habu za nyuma na za 3/16 kwa habu za mbele, waya za breki na za gia, mipira ya breki, minyororo mipana ya baiskeli za gia moja na myembamba ya baiskeli za gia nyingi, spoku za urefu unaotumika zaidi, na grisi.

Jibu, kutoka kwa Hesabu Kwanza

Nakubaliana na aliyetangulia, nami nitajibu swali la bei, kwa sababu mafundi wengi hodari hufilisika wakiwa na foleni ya wateja mlangoni.

Jumlisha gharama zote za mwezi zisizotegemea idadi ya kazi: pango, umeme, leseni na kodi, uchakavu wa vifaa, na mshahara wako mwenyewe, ambao watu huusahau wakidhani kinachobaki kwenye droo ndicho mshahara. Kisha gawanya jumla hiyo kwa saa unazouza, wala si kwa saa ambazo mlango uko wazi. Tuseme duka liko wazi saa 200 kwa mwezi, lakini ukiondoa kuzungumza na wateja, kufuata vipuri, kufagia na kusubiri, kazi yenyewe ya mezani ni saa 120. Ukigawanya kwa 200, kila saa ya kazi utakayouza itakuwa inarudisha asilimia 60 tu ya gharama zake, na hutajua ni kwa nini akiba inapungua huku mikono haipumziki.

Ukishapata thamani ya saa moja, pima kila kazi kwa dakika halisi na uibandike bei yake ukutani: kuziba pancha, kunyoosha gurudumu lililopinda, kusuka gurudumu jipya, kusafisha na kupaka grisi habu zote mbili. Bei iliyobandikwa hupunguza mabishano, na ina faida nyingine ambayo huonekana baadaye, kwamba jirani yako wa karibu hawezi kukudai bei ya ujirani bila kuona haya. Kwenye risiti, tenga mstari wa kazi na mstari wa kipuri. Anayekuja na kipuri chake mwenyewe alipe kazi kamili, na umwambie mapema kwamba dhamana yako inahusu ufungaji peke yake.

Jambo la mwisho katika hili ni kadi ya kazi. Baiskeli isipokewe bila kadi inayoonyesha jina, simu, hitilafu aliyoitaja mteja, makovu uliyoyaona wakati wa kupokea, na kiwango cha juu ambacho ameruhusu kutumia bila kuulizwa. Ukikuta kingine kimeharibika, piga simu kwanza. Mteja anaweza kusamehe kuchelewa. Deni asilolitarajia halisamehe kirahisi.

Jibu, kutoka kwa Fremu ya Chuma

Naheshimu waliotangulia, ila mashauri yao yanafaa zaidi kwa karakana kuliko kwa duka, na ndugu yetu anataka vyote viwili. Karakana tupu ina ukomo: mikono yako ni miwili na saa zako ni zile zile. Ukiugua wiki moja, mapato yanasimama. Bidhaa huuzwa hata na msaidizi asiyejua kusuka gurudumu.

Kuna njia ya katikati ambayo haijatajwa, nayo ni baiskeli zilizotumika. Unanunua iliyochoka, unaifungua yote, unabadilisha gololi, waya, mipira ya breki na pengine mnyororo, unanyoosha magurudumu, kisha unaiuza ikiwa na dhamana ya miezi michache. Thamani uliyoongeza ni kazi yako mwenyewe, ambayo uliifanya katika zile saa 80 ambazo Hesabu Kwanza amezihesabu kuwa hazina mteja mezani. Kwenye baiskeli mpya unashindana kwa bei na kila mwenye mtaji mkubwa kuliko wako. Kwenye baiskeli iliyofufuliwa unashindana kwa ujuzi. Wilbur na Orville Wright, kabla dunia haijawajua kwa ndege, walifungua duka la kuuza na kutengeneza baiskeli huko Dayton, Ohio, mwaka 1892, wakati watu wengi walikuwa wameikimbilia biashara hiyo, na kufikia mwaka 1896 walikuwa wakiunda baiskeli zao wenyewe. Hawakungoja kiwanda, walikuwa na meza, vifaa na mazoea ya kuona ni nini kinachovunjika kwenye baiskeli za wengine.

Lakini ujue kununua. Pitisha kidole chini ya makutano ya bomba la juu, bomba la chini na shingo ya usukani. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba au iliyokunjamana mahali hapo ni dalili kwamba baiskeli iligonga kitu kwa mbele, na fremu hiyo iache. Fremu ya chuma iliyopasuka mahali pasipo hatari kubwa inaweza kuchomelewa na fundi mzuri, ila ya alumini hupoteza nguvu yake karibu na mchomo, kwa sababu joto huharibu ugumu iliyopewa kiwandani, kwa hiyo usiiuze baada ya kuichomelea. Kisha tazama ubavu wa rimu pale breki inapobana: ukiwa umeingia ndani kama bakuli, rimu hiyo imekwisha, hata kama inazunguka bila kuyumba.

Lililo zito kuliko yote hayo ni wizi. Baiskeli nyingi zina namba iliyogongwa kwenye fremu, mara nyingi chini ya pale krenki inapopita. Isome, iandike, na umwandikishe muuzaji jina, namba ya kitambulisho, tarehe na sahihi yake. Namba ikiwa imekwanguliwa, usinunue kwa bei yoyote, wala usiulize maswali mengi. Duka jipya likishutumiwa mara moja tu kwamba linapokea mali za wizi, wateja wazuri ndio wa kwanza kuondoka.

Muulizaji, Mgeni wa Karakana

Nawashukuru sana. Nimeshaanza kukaa barazani na daftari, na jambo la kwanza lililonishangaza ni wingi wa tairi za 559 kuliko nilivyokadiria, huku zile za 635 zikiwa karibu zote ni za wabeba mizigo, ambao nadhani hawatavumilia kusubiri kipuri kiagizwe, maana baiskeli ikilala nao wanalala njaa.

Nimebakiwa na mambo mawili. Muuzaji wa jumla mmoja yuko tayari kunipa baiskeli mpya kwa mali kauli, nilipe baada ya kuuza. Je, hilo haliondoi hoja ya mtaji kukwama? Na la pili, pale nilipofanyia kazi palikuwa na rundo la baiskeli ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, zikijaza chumba. Mnazishughulikiaje?

Jibu, kutoka kwa Hesabu Kwanza

Mali kauli ni maneno mazuri, lakini uliza swali moja: isipouzika, inarudi? Ikiwa muuzaji wa jumla ataipokea katika hali uliyoichukua, na ikiwa hatari ya kuibiwa au kuungua imeandikwa wazi ni ya nani, basi chukua mbili au tatu zikupambie baraza, jambo ambalo tangu mwanzo ndilo ulilolitaka. Ikiwa kuna tarehe ya mwisho ya kulipa, hata kama ni mbali, hiyo si mali kauli tena; ni deni, na siku likiiva utalilipa kwa fedha za pancha. Angalia pia bei, kwa kuwa mara nyingi anayekukopesha bidhaa huwa ameshaingiza gharama ya kungoja ndani ya bei yenyewe. Linganisha na bei ya fedha taslimu kabla hujatia sahihi.

Fedha za mauzo ya bidhaa ya mtu ziwe na bahasha au akaunti yake, zisichanganyike na za duka hata kwa siku moja.

Jibu, kutoka kwa Spana Kumi na Tano

Nikazie hapo kwenye baiskeli mpya: hata ikija ndani ya boksi ikiwa imefungwa nusu, usiiweke barazani kwa kukaza usukani na pedali tu. Zifungue habu uone kama zina grisi, mara nyingi huwa na kidogo mno. Kaza spoku, nyoosha magurudumu, vuta waya za breki kwa nguvu ili zinyooke mapema, kisha zirekebishe upya. Kazi hiyo ihesabu kwenye bei, na mwambie mnunuzi arudi baada ya mwezi mmoja urekebishe tena bila malipo. Ziara hiyo ya bure ndiyo itakayomfanya akujue kuwa fundi wake.

Kuhusu zilizoachwa, dawa iko kwenye mapokezi. Kwa kazi inayohitaji kipuri cha kuagiza, chukua malipo ya awali yanayotosha kufidia kipuri chenyewe. Nyuma ya kadi andika kwamba baada ya muda fulani tangu mteja kupigiwa simu, ada ya kuhifadhi itaanza kuhesabiwa, na baada ya muda mwingine mrefu zaidi duka litafuata sheria ya mahali lilipo kuhusu mali iliyotelekezwa. Mteja aweke sahihi. Usiuze wala usinyofoe vipuri vya baiskeli ya mtu kwa sababu tu imekaa, hata kama unamdai, kwa kuwa bila maandishi hayo na bila kufuata sheria, wewe ndiye utakayeonekana mwizi. Tunza kumbukumbu za simu na ujumbe uliomtumia.

Nyingi kati ya zilizoachwa huwa ni zile ambazo gharama ya matengenezo ilikaribia thamani ya baiskeli, na mteja akaona aibu kusema hapana. Kwa hiyo fanya ukaguzi mbele yake. Chukua rula ya chuma yenye inchi, ilaze juu ya mnyororo ulionyooka, katikati ya pini moja ikae kwenye sifuri, kisha hesabu pini 24 mbele. Kwenye mnyororo mpya, hiyo ya 24 hukaa sawasawa na inchi 12. Ikivuka kwa 1/16 ya inchi, mwambie abadilishe mnyororo sasa, maana gia bado zinaweza kuokolewa. Ikivuka kwa 1/8, mnyororo mpya huenda ukaruka juu ya meno yaliyokwisha kulika, na itabidi alipie mnyororo pamoja na gia za nyuma. Mwache aitazame rula mwenyewe, umtajie jumla, na umwambie bila kumung'unya maneno iwapo kwa maoni yako baiskeli hiyo haistahili gharama hiyo. Atakayeamua kuichukua na kuondoka nayo siku hiyo hiyo hajakupotezea kitu, na atakayeamua kuiacha kwako moja kwa moja, mwandikishe kama anavyoelekeza Fremu ya Chuma, umlipe mnachokubaliana, na utakuwa umepata ya kwanza ya kufufua.